Mama wa Gari la Abu Majid

Vijana wangu wa kukabidhi magari, mlioko Riyadh na mlioko Jeddah, salaam. Tangu nirudi nyumbani Voi mmenisumbua kwenye simu niwaandikie habari za kazi. Hasa mnataka kujua kwa nini mimi peke yangu niliruhusiwa kunywa kahawa kwa wateja wakati ninyi mmekatazwa hata maji. Haya, nimekaa chini. Habari za cheo na mshahara msizitafute humu. Mshahara ulishaliwa, na cheo changu cha mwisho hata mwenyewe sikukielewa. Mambo nitayaandika nilivyoyaona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa. Mjue mapema kwamba ni pengi.

Nilifika Jeddah kuwa dereva wa nyumbani. Madam wangu alikaa Al-Hamra. Kazi yangu ilikuwa kupeleka watoto shule, kumpeleka madam kwa dada yake kule Al-Safa, na kumngoja. Hasa kumngoja. Dereva wa nyumbani ni mtu wa kungoja, na mimi nilingoja mpaka nikawajua paka wote wa mtaa ule kwa sura. Jina langu ni Josephat Mwadime, lakini wao waliniita Yusuf tangu siku ya kwanza, nami nikaitika, maana kubishana na mtu aliyeshika ikama yako, kile kibali cha kukaa nchini, hakuna faida. Familia ile ilipohamia ng'ambo, baba wa nyumba alizungumza na ndugu yake aliyekuwa wakala wa magari, na karatasi zangu zikahamishiwa huko. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye yadi ya magari mapya, bila kuomba na bila kujua kazi yenyewe ni ipi.

Aliyenifundisha ni Bwana Nassor. Wazazi wake walitoka Unguja, yeye akazaliwa Jeddah, mtaa wa Ruwais, lakini Kiunguja chake hakikuwahi kuondoka mdomoni. Alikuwa mkubwa wa kukabidhi magari, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe na ulimi usio na breki. Asubuhi yangu ya kwanza hakunisalimia. Alinitazama kiunoni.

"Vua mshipi," akasema.

"Mshipi wangu umefanya nini?"

"Bizimu hilo litakwaruza rangi ya gari la watu. Vua na saa. Funguo toa mfukoni. Na kiburi nacho, kama umekuja nacho, kaweke kule kwenye kabati."

Nikavua vyote. Akanikabidhi kitambaa na ndoo, akaniambia nisafishe gari dogo jeupe ambalo mwenyewe angelichukua baada ya adhuhuri. Nikaling'arisha mpaka likanipendeza. Kisha nikaona viti bado vimevalishwa nailoni, nami nikitaka kuonekana mtu wa bidii, nikaanza kuivua. Bwana Nassor alitokea upande wa pili wa yadi akipiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

"Wee bwana! N'nani kakwambia uvue?"

"Nasafisha, Bwana Nassor. Gari ni jipya, si lionekane?"

"Nailoni haivui mtu ila mwenye gari. Ataivua leo, ataivua mwakani, ataiacha mpaka ipasuke yenyewe, shauri lake. Ukiivua wewe, jambo la kwanza atakalouliza ni nani aliyekalia gari lake kabla yake. Nawe hutokuwa na la kumjibu."

Alikuwa mkali lakini alikuwa sahihi. Kule watu wananunua gari na upya wake, na upya wenyewe umo kwenye ile nailoni. Nimeona walimu wa shule wakiendesha miaka na nailoni chini yao, joto la Jeddah linawachemsha mgongo, na hawaivui. Bwana Nassor alinifundisha mengine pia. Ufunguo unatolewa kwa mkono wa kulia. Mteja anaonyeshwa tairi la akiba kabla ya kuonyeshwa redio. Ukikaribishwa kahawa unakunywa, ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo ndipo unakirudisha. Hakunifundisha kinachotokea usipoinywa. Nadhani katika maisha yake yote hakuwahi kukutana na mtu mpumbavu kiasi hicho.

Magari yetu yalikuwa magari ya kila mtu. Pikapu zetu zilibeba maji, mbuzi, saruji, na wagonjwa. Zilikuwa hazifi. Wateja walikuja wakamkuta Nassor, watoto wao wakaja wakamkuta Nassor yule yule, na hakuna aliyeuliza gari limetengenezwa na nani, maana nembo ilikuwa mbele na kila mtu aliijua.

Hapo ndipo tulipoitwa kwenye mkutano. Alikuja meneja kutoka Riyadh, kijana mpole kwa jina Karim, aliyevaa viatu bila soksi au soksi zisizoonekana, mpaka leo sijui. Akatueleza kwamba waliotengeneza magari yetu sasa wametoa gari la kifahari lenye jina jipya. Jina hilo litakuwa na nyumba yake, sare zake, simu zake, hata mlinzi wake wa mlangoni. Nyumba ya kwanza itafunguliwa Riyadh.

Nikanyoosha mkono. "Bosi, kwa hiyo ni kampuni yetu hii hii?"

"Hapana, Yusuf. Siyo kampuni hii."

"Ni kampuni nyingine?"

"Siyo nyingine. Ni jina jingine."

"Anayelitengeneza ni nani?"

"Ni hao hao," akasema Karim, "lakini si kwa maana hiyo."

Nikashusha mkono. Nilimtazama Bwana Nassor nikitumaini kwamba yeye ameelewa, naye alikuwa ananitazama mimi.

Wakachagua watu. Sote tulijua Nassor ataenda, kwa sababu hakuna aliyejua kukabidhi gari kama yeye. Hakuchaguliwa. Karim alieleza kwa adabu sana kwamba uso wa Bwana Nassor unajulikana mno, mteja akimwona atakumbuka pikapu. Nikachaguliwa mimi, ambaye uso wangu hakuna aliyeukumbuka. Hiyo ndiyo sifa iliyonipeleka Riyadh, na kusema kweli iliniuma kwa niaba yake. Yeye alicheka tu, akanipa kitambaa chake kimoja cha kung'arishia, akasema, "Nenda kawe bwana mkubwa. Lakini mshipi vua."

Ikama yangu ikahamishiwa nyumba mpya, na kabla sijakabidhiwa sare Karim aliniita ofisini akafunga mlango.

"Yusuf, jina la kampuni ile halitajwi hapa. Mteja akiuliza kama magari haya yanahusiana na yale, jibu lako ni kwamba hujui. Likitoka mdomoni mwako, sitakurudisha Jeddah. Utarudi kwenu."

"Sawa, bosi."

"Si mimi ninayetaka iwe hivyo. Nami nina wakubwa wangu."

Niliamini, maana jasho lilikuwa linamtoka na baridi ya kiyoyozi ilikuwa kali. Lakini mimi nami nilikuwa na wangu. Binti yangu Wakesho ndiyo kwanza alikuwa ameingia chuo cha uuguzi, na mama yake alishatangulia mbele ya haki. Ningerudishwa nyumbani mwaka ule, masomo ya Wakesho yangekufa pale pale. Kwa hiyo mnaposikia naandika habari za kahawa na nailoni msidhani nafanya mzaha. Kila siku nilipovaa ile sare nilikuwa namvaa mtoto wangu mgongoni.

Shorumu ya Riyadh ilinichanganya tangu mlangoni. Jeddah tulipanga magari mpaka mteja apite upande upande. Hapa palikuwa na ukumbi mkubwa, na ndani yake gari moja tu, kama kabati la mtu tajiri. Bei haikuandikwa popote. Mashine ilitoa harufu ya udi, nami siku ya kwanza nilitafuta chetezo kila mahali nisikione. Tulifundishwa kutembea polepole, kusema polepole, kufunga mlango wa gari polepole na kumwachia mteja nafasi ausikie. Karim alitupanga mstari tukasikiliza mlango ukifungwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Umesikia nini, Yusuf?"

"Nimesikia mlango, bosi."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaufunga tena.

Nyuma ya jengo kulikuwa na stoo ya vipuri yenye madirisha mawili. Dirisha moja lilitazama upande wetu, jingine lilitazama uwanja wa nyuma, ambako gereji ya kampuni yetu ya zamani ilikuwa inachukua vitu vyake. Mwenye stoo alikuwa mmoja. Chujio la mafuta likiombwa upande ule lilitoka kwenye boksi la kawaida. Likiombwa upande wetu alilitoa kwenye rafu hiyo hiyo, akalitia kwenye boksi jeusi. Nilimuuliza tofauti ni nini. Akanijibu kwa Kiarabu chake cha kazini, "Mafi kalam," yaani maneno hakuna, akafunga dirisha.

Lakini lazima niseme haki. Lile gari halikuwa pikapu iliyopakwa rangi. Mara ya kwanza kuliendesha nilifika kwenye taa za barabarani nikadhani injini imezimika, nikaiwasha tena, likapiga kelele ya kunilaumu. Kiti kilinishika vizuri kuliko mama mkwe wangu alivyowahi kunipokea. Nikasema hili ni gari jingine kabisa. Kisha nikafungua dirisha, na dole gumba langu likatua kwenye swichi na kuitambua. Ilikuwa ile ile ya Jeddah, yenye ule ukingo mdogo na ule mlio mdogo inapobonyea. Kichwa kiliniambia ni gari lingine, dole gumba likaniambia ni lile lile, nami nikakaa katikati yao miaka yote iliyofuata.

Masharti ya kukabidhi yalikuwa haya, na ninyi bado mnayafuata. Gari linapelekwa nyumbani kwa mteja juu ya satha, lile lori la kubeba magari, likiwa limefunikwa kitambaa. Mkabidhi anavaa suti na glavu. Nailoni zote zinavuliwa shorumu, kwa sababu gari la kifahari, alisema Karim, halifichi ngozi yake. Na kwa mteja hupokei kitu chochote, chakula wala kinywaji. Nilimwambia kwamba nailoni italeta maneno. Akanijibu kwamba mawazo hayo ni ya kampuni ile. Nikanyamaza, maana hatukuwa tukiitaja.

Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa Abu Majid. Alikuwa mzee wa kabila kubwa la jangwani, mrefu, mwenye ndevu alizozipaka rangi nyeusi isiyomdanganya mtu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa pikapu, lakini mwanawe Majid, aliyesoma ng'ambo, ndiye aliyemshawishi anunue gari letu jipya. Karim hakulala vizuri wiki hiyo. Alinieleza kwamba ndugu wote wa Abu Majid hununua anachonunua yeye. Akikubali, nyumba yetu imesimama. Akilirudisha gari, habari zitafika kila majlis ya Riyadh kabla satha haijarudi.

"Na anakwenda nani kulikabidhi?" nikauliza.

"Wewe. Una uso mzuri kwa kazi hii."

Tulifika baada ya swala ya alasiri. Nyumba ilikuwa kaskazini ya mji, na pembeni ya lango, chini ya kivuli cha mabati, ilisimama pikapu yetu ya zamani, rangi imepauka, ngozi za kondoo zimetandikwa juu ya viti. Nilijifanya sijaiona. Abu Majid alitoka na ndugu zake, Majid ameshika simu anapiga picha. Nikakivuta kitambaa polepole nilivyofundishwa. Watu wakasema mashallah. Abu Majid alilizunguka gari, akachungulia ndani.

"Nailoni iko wapi?"

"Tumeivua, baba."

"Nani amekalia gari langu?"

Nilimsikia Bwana Nassor masikioni mwangu akicheka kutoka Jeddah. "Hakuna aliyelikalia, baba," nikasema.

Akaingia, akakaa, akaweka mkono mlangoni. Dirisha likashuka, likapanda. Likashuka, likapanda. Kisha akatoka, akaenda taratibu mpaka kwenye pikapu yake, akafungua mlango, akabonyeza. Dirisha la pikapu likashuka, likapanda. Majid akaitia simu mfukoni. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu na kumuomba Mungu ardhi inimeze na suti yangu.

"Ingia ndani," Abu Majid akaniambia.

Tukakaa kwenye majlis, ukumbi mrefu wenye mito ukutani, wanaume wa familia pande zote. Majid akashika dele, akamimina kahawa, akaanza na mimi mgeni. Nikakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, na papo hapo nikakumbuka sharti la Karim. Kabla sijaamua la kufanya, mzee akaanza kusema.

"Yusuf, ile pikapu ilinitoa mchangani na baba yangu mgonjwa amelala nyuma. Siionei haya. Lakini shorumu kwenu niliuliza, wakaniambia hawaijui. Mwanangu aliuliza, wakamwambia hawaijui. Sasa nakuuliza wewe uliyelileta. Mama wa gari hili ni nani? Na kama ni yule aliyesimama pale nje, mbona mnamficha? Ukinidanganya nitajua, na satha yako bado iko langoni."

Mnaona nilivyobanwa. Nikisema hapana, mzee ameshabonyeza swichi kwa mkono wake mwenyewe, gari linarudi na mimi narudi nalo. Nikisema ndiyo, jina limetoka mdomoni mwangu, na Karim alishaniambia mwisho wake. Wakesho alikuwa Mombasa darasani anajifunza kupima shinikizo la damu. Angenipima mimi saa ile angeita daktari. Na kikombe bado kilikuwa mkononi. Kukikataa ni tusi, kukinywa ni kuvunja sharti. Nikatafuta njia ya katikati, kama ilivyo kawaida yangu. Nikakiweka chini mbele yangu, kimejaa.

Mtu aliyekuwa anatafuna tende aliacha kutafuna. Majid alisimama na dele mkononi kama aliyegandishwa. Nikadhani nimemwaga kahawa kwenye zulia, nikatazama, hapana. Abu Majid alinitazama kwa macho mengine kabisa, ile hasira imetoka, amekaa wima.

"Haja yako?" akasema.

Sikuelewa. Nikamtazama Majid. Akainama kwenye sikio langu akanong'ona kwa Kiingereza kwamba kwa watu wao mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana jambo la kuomba, na mwenye nyumba hana raha mpaka amelitoa. "Omba," akaniambia. "Baba hawezi kukunyima. Omba tu, watu wanangoja."

Vijana wangu, nimekaa nyumbani hapa nikijaribu kukumbuka nilichofikiri wakati ule, na sikumbuki kama nilifikiri. Sikuwa na haja, nilikuwa na sharti la kampuni. Lakini ningewaambia vipi? Wanaume wazima wametulia wananisikiliza mimi, dereva wa Voi mwenye glavu nyeupe. Niliogopa kitu kimoja tu katika ukumbi ule, na hicho ndicho kilichotoka.

"Haja yangu, baba, ni usiniulize swali hilo."

Hakuna aliyecheka. Mzee akauegemea mto wake.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka niache kazi."

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa. "Umepewa. Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa na iliki nyingi na ilikuwa imeanza kupoa. Sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile, na mnajua haitiwi sukari.

Niliporudi Karim alikuwa ananingoja nje, juani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Amelichukua gari?"

"Amelichukua, bosi."

"Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Nilimwomba asiniulize."

Karim akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yusuf! Kwa hiyo umemwambia!"

"Sikumwambia, bosi. Jina halikutoka."

"Ukimwomba mtu asiulize, si umeshamjibu?"

"Sijui, bosi. Yeye alisema nimepewa."

Tulisimama pale wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake, na nadhani kweli hakujua kama anifukuze au anishukuru. Akaingia ofisini kwake bila kuamua. Siku zilizofuata nilikunja nguo zangu nikaziweka tayari kwenye sanduku. Nilimpigia Wakesho nikamwambia asome kwa bidii, akaniuliza mbona sauti yangu iko hivyo, nikasingizia kiyoyozi. Kisha Majid akapiga simu kwamba ami zake wawili wanataka magari kama lile, na wanataka yakabidhiwe na Yusuf. Karim akaniita.

"Kuanzia leo, wewe ukipewa kahawa unakunywa," akasema. "Wengine wasiguse."

"Na nailoni, bosi?"

"Ondoka, Yusuf."

Hiyo ndiyo habari ya kahawa, basi. Sharti halikuandikwa popote na halikufutwa. Sikuelezwa kama lilikuwa zawadi au adhabu, nami sikuuliza. Nilitoa nguo zangu sandukuni nikazitundika tena.

Ila nailoni ilibaki. Abu Majid alinipigia mwenyewe akataka viti vyake vivalishwe kama gari jipya linavyotakiwa. Upande wetu hatukuwa na hata moja, kwa kuwa sisi hatufichi ngozi. Nikazunguka nyuma kwenye dirisha la pili la stoo, nikapewa seti ya mifuko ya viti ya pikapu, na kila mfuko una nembo ya kampuni ile mgongoni, kubwa kama sahani. Nilikaa nayo nikafikiri. Kisha nikaenda kwa mzee, nikavalisha kiti kimoja kimoja huku nimeigeuza nje ndani, nembo ikalala upande wa chini ikitazama ngozi. Abu Majid alisimama pembeni akinitazama mwanzo hadi mwisho. Hakuniuliza. Akaleta ngozi zake za kondoo akazitandika juu, ikawa kama ile pikapu ndani.

Nilipokwenda Jeddah kusaidia kufungua nyumba ya pili, nilimtafuta Bwana Nassor kwake Ruwais. Alikuwa ameshaacha kazi, amekaa barazani na shingo imeanza kupinda. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani mzee wa kabila zima kakwambia omba?"

"Kaniambia."

"Nawe hukuomba gari, hukuomba nyumba, hukumwombea mwanao masomo. Umeomba usiulizwe!"

"Nilichanganyikiwa, Bwana Nassor."

"Wee bwana umefunguliwa mlango wa pepo ukaomba ufunguo wa choo." Akafuta macho. Kisha akasema, "Lakini kakupa. Watu wanaulizwa maisha yao yote."

Sikujua anajisemea yeye au mimi. Alifariki mwaka ule, na kitambaa chake ninacho.

Miaka ikaenda. Wakesho akamaliza chuo, akaajiriwa, akaolewa. Karim akahamishwa. Akaja meneja mpya, mwenye soksi, na siku moja tukaingia kazini tukakuta ukutani mwa ukumbi picha kubwa ya pikapu, ile ile, iko mchangani na vumbi lake, na chini yake maneno kwamba gari letu linatoka katika ukoo ule wa kutegemewa. Wateja wakaanza kuelezwa habari hiyo kwa fahari kabla hawajauliza. Nilisimama mbele ya picha nikiwa na glavu zangu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na mwishowe sikufanya lolote, kwa sababu mteja alikuwa anaingia. Abu Majid alikuja kwa huduma ya gari kama kawaida. Nilimwona akiitazama ile picha. Alipopita karibu nami akanisalimia, akauliza habari za nyumbani, akaenda zake.

Siku yangu ya mwisho mliokuwepo mnaikumbuka kwa keki. Mimi naikumbuka kwa kilichofuata, mlipokuwa mmesharudi kwenye kazi zenu. Nilikuwa nimerudisha glavu na sare. Abu Majid alikuwa ameleta gari gereji, na aliposikia naondoka alikuja kukaa nami kwenye viti vya wateja na chupa yake ya kahawa kutoka nyumbani. Sasa alitembelea fimbo, na ndevu alikuwa ameziacha zikawa nyeupe. Akanimiminia, nikanywa, nikatikisa kikombe. Akaniambia nimmiminie yeye. Nikammiminia.

Akakipokea, akakiweka chini mezani, kimejaa.

Nilikitazama kile kikombe, nikaikumbuka siku ile ya majlis.

"Haja yako, baba?" nikasema.

"Umeacha kazi?"

"Nimeacha. Glavu nimezirudisha asubuhi."

"Hii picha," akasema akiinua fimbo kuelekea ukutani, "imeniambia bila kuulizwa. Na kijana wa mlangoni ameniambia. Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Yusuf, mama wa gari langu ni nani?"

Mnajua nilivyochanganyikiwa na kazi hii miaka yote, na madirisha mawili na maboksi meusi na mlango tuliofundishwa kuusikiliza. Lakini alipouliza yeye, ilikuwa rahisi.

"Ni yule yule, baba. Pikapu yako."

Akakichukua kikombe, akanywa, akakitikisa. "Halas," akasema, yaani yamekwisha.

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Mafundi walikuwa wamelisafisha ndani, na zile ngozi za kondoo zilikuwa zimekunjwa kiti cha nyuma. Nikamfungulia mlango. Nailoni ilikuwa bado kwenye viti, imekuwa rangi ya chai, imepasuka pembeni. Nembo ya kampuni ile ilikuwa juu, mgongoni mwa kila kiti, mahali pake.

Mimi niliiweka chini. Nilitaka kumuuliza aliigeuza lini. Mzee akanitazama, nami nikaufunga mlango wake polepole nilivyofundishwa, na sikumuuliza.